Gitaa, Spana na Kisu cha Mlenda

Wiki ile nilikuwa nimebakiza harusi moja tu kabla ya kufukuzwa kwenye bendi, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ningependa sana kumsingizia Lutfi, mpiga kinanda wetu, kwa sababu simpendi, lakini siku ile Lutfi hakugusa kitu. Aliyemkalisha Loza juu ya keki ya maharusi ni mimi.

Nieleze ilivyokuwa. Bendi yetu ya harusi hapa Shubra, mtaa wa Cairo, inaongozwa na Haji Abdel-Ghaffar, mpiga kodiani, ambaye masharubu ameyapaka rangi nyeusi na hasira ameziacha kama alivyozaliwa nazo. Kuna ndugu wawili wapiga ngoma ambao hawaongei na mtu, hata wao kwa wao. Kuna Loza anayecheza, kuna Lutfi wa kinanda, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye nywele zilizolowa jeli, na kuna mimi, Wagdi, wa gitaa la umeme. Mwisho wa kila onyesho ngoma zinaanza kukimbia, Loza anatikisa mabega, na gitaa linamwaga noti mfululizo kwa dakika moja na nusu, halafu kila kitu kinakatika kwa pamoja. Watu wanakuja harusini kwa ajili ya dakika hiyo, na kwa ajili ya nyama.

Sasa, risha, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, inatakiwa ishuke, ipande, ishuke, ipande, bila kuruka zamu. Mwendo ukiwa wa taratibu mimi ni bingwa. Ukishika kasi, pigo la kushuka linafika kwa wakati, la kupanda linanasa kwenye uzi kama kanzu kwenye msumari. Mkono wa kushoto umeshakwenda mbele, wa kulia umebaki nyuma unajinasua, na inatokea kelele ambayo hata mimi mwenye gitaa siwezi kuitetea.

Ndivyo ilivyotokea kwenye ile harusi ya mtaa wa Bulaq. Risha ilinasa, gitaa likakatika nusu pigo. Loza akadhani ndiyo mwisho, akasimama mikono juu. Ngoma hazikusimama. Akaanza tena kwa pupa, mguu ukashika waya wa maikrofoni, akarudi kinyumenyume hatua tatu, akakaa. Keki ilikuwa ya ghorofa tano. Alipoinuka zilikuwa zimebaki mbili.

"Nina krimu mpaka mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya Haji," Loza aliniambia nyuma ya jukwaa. "Umefurahi sasa?"

"Samahani, dada Loza."

"Samahani yako ikanifulie nguo!"

Haji Abdel-Ghaffar hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wagdi, una umri gani?"

"Thelathini na nane, Haji."

"Miaka thelathini na nane, na mkono wako bado haujajua kushuka na kupanda. Lutfi!"

"Naam, Haji."

"Hicho kinanda chako kina sauti ya gitaa?"

Lutfi akabonyeza kitufe. Likatoka gitaa, noti zimejipanga moja moja, hakuna iliyochelewa wala iliyogongana na mwenzake. Niliichukia sauti ile tangu noti ya kwanza.

"Alhamisi ijayo tuna harusi ya binti wa Muallim Gabr, mwenye bucha," Haji akasema. "Yule mtu kazi yake visu. Sitaki binti yake akatiwe keki yenye umbo la Loza. Ukijikwaa mara moja tu, kazi yako inafanywa na kitufe, na wewe unabaki nyumbani."

Mtaani kwetu nilipokuwa mdogo kulikuwa na wapiga gitaa saba wa harusi. Wote wamemalizwa na kitufe. Mmoja anauza viatu, mwingine amehamia kwa dada yake mjini Tanta na hataki kuulizwa. Nimebaki mimi, na sijui kazi nyingine, na nyingine siitaki.

Ijumaa asubuhi nikaketi karibu na dirisha la sebuleni, ghorofa ya tatu, gitaa mapajani, amplifaya miguuni. Kwenye simu nikafungua ile programu inayogonga tik, tik, tik, nipige noti nne kwa kila tik. Nikaanza na mapigo themanini kwa dakika. Safi. Mia moja. Safi. Mia na ishirini, bega likaanza kupanda kuelekea sikioni. Mia na thelathini, risha ikanasa, ikachomoka, ikaruka mpaka ndani ya bakuli la mama.

Mama alikuwa mezani anakatakata mulukhiya, majani ya mlenda, kwa kile kisu chake cha mpindo chenye mishikio miwili. Akaitoa risha kwenye majani kwa vidole viwili.

"Hii nayo inapikwa?"

"Samahani, mama."

"Wagdi, mwanangu, unapiga gitaa au unafukuza nzi? Huo mkono unakwenda mpaka kwa jirani ndipo unarudi."

"Ndiyo upigaji wenyewe, mama. Hujui."

"Kweli, sijui. Mimi najua kupika. Na wewe unajua nini?"

Mama yangu ana majibu mengi kuliko mimi nilivyo na maswali.

Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo mpaka alipopita Ami Shihata. Ami Shihata anauza gesi kwa mkokoteni wa punda, na kama wauza gesi wote haiti kwa mdomo, anagonga mtungi kwa spana: kang, kang, kang. Sauti hiyo inapenya ukuta, inapenya mto wa kulalia, inapenya ndoto. Nilikuwa katikati ya zoezi, mkono ukaiacha simu ukamfuata yeye. Kang, noti nne. Kang, noti nne. Nikafika mwisho wa kipande bila kunasa hata mara moja, nikabaki nimekodoa macho. Nadhani ile tik mkono wangu uliichukulia kama ushauri, na kang ukaichukulia kama amri.

Basi nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la akili. Aliporudi upande wetu nikamrekodi. Nikachagua mapigo manane mazuri, nikayawekea yajirudie, nikaiunganisha simu na amplifaya, dirisha nikaliacha wazi kwa sababu ya joto, nikapandisha sauti ili niisikie juu ya gitaa. Kila baada ya robo saa nikawa naongeza kasi kidogo. Mtu yeyote wa Cairo anayesoma haya ameshashika kichwa, lakini mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye uzi.

Kufika adhuhuri ngazi za jengo letu zilikuwa zinanguruma kwa mitungi mitupu. Watu wa ghorofa zote saba waliiteremsha, na wa jengo la pili, na wa jengo la tatu, wakapanga foleni barabarani kumngoja mtu waliyemsikia kwa masikio yao na hawakumwona. Mimi huko juu nilikuwa nimefika mapigo mia na arobaini, nafurahi.

"Yuko wapi?"

"Amepita sasa hivi, si unamsikia?"

"Mbona leo anagonga mbio mbio? Anamkimbia nani?"

"Anatukimbia sisi! Gesi yote anawapelekea wenye mikahawa huyo!"

Ami Shihata alipojitokeza kweli kwenye kona, saa nane mchana, alikuta foleni ya watu thelathini wakimtazama kwa jicho baya.

"We Shihata! Umepita hapa mara kumi na nne bila kusimama!"

"Mimi? Ndiyo kwanza natoka kula!"

"Muongo mkubwa! Spana yako tunaijua!"

"Wallahi, muulizeni punda!"

Punda hakumsaidia. Punda yule amezoeshwa: kang ikilia anatembea, ikinyamaza anasimama. Kang yangu ilikuwa hainyamazi. Basi akaondoka na mkokoteni, na mitungi, na Ami Shihata aliyekuwa ananing'inia ubavuni, akauzunguka mtaa kwa mwendo wa mia na arobaini huku foleni nzima inamkimbilia nyuma na mitungi mabegani. Walizunguka mara mbili. Mara ya tatu mtu mmoja aliyekuwa amechoka akasimama kupumua, akainua uso, akaliona dirisha langu.

Ami Shihata alipanda ghorofa tatu na spana mkononi. Mama ndiye aliyefungua mlango.

"Yuko wapi mwizi?"

"Mwizi gani? Hapa yupo mwanangu, na yeye ni mjinga tu. Karibu ndani."

Nilimweleza yote, Haji, keki, kitufe, Alhamisi. Alikunywa glasi mbili za chai. Ya tatu akaitua.

"Kwa hiyo umeniibia sauti yangu kwa ajili ya harusi."

"Ndiyo, Ami. Nisamehe."

"Hebu piga nisikie kama imekusaidia."

Nikapiga. Nikanasa. Akatikisa kichwa kama daktari, akanishika kifundo cha mkono, akakitikisa.

"Mbao hii. Hiyo plastiki unaibana kana kwamba imekutukana. Sikiliza, mimi nagonga tangu asubuhi mpaka magharibi, mwaka wa thelathini huu, mkono hauumi. Unajua kwa nini? Mimi nagonga kushuka tu. Kupanda, spana inapanda yenyewe, mtungi unairudisha. Wewe ukishashuka unaanza kazi nyingine mpya ya kupanda. Nani amekutuma?"

"Uzi si mtungi, Ami."

"Na wewe si mpiga gitaa, lakini tunakuvumilia."

"Mwache na spana yako," mama akaingilia, akavuta ubao wake mbele. "Shida yake anainua mno. Nitazameni kisu. Kinatoka kwenye ubao? Hakitoki. Kinayumba tu, huku na huku. Ukikiinua unakata hewa, na hewa haina kitoweo."

"Mama Wagdi, kwa heshima yako, kisu hakina mdundo."

"Kwa heshima yako, Shihata, spana haijawahi kumlisha mtu."

"Spana ndiyo inayokuletea moto wa kupikia!"

"Na ndiyo iliyonijazia watu ngazini!"

Wakabishana hivyo mpaka alasiri. Kila mmoja alitaka nipige kwa njia yake, na kila nilipomsikiliza mmoja, mwingine alinuna. Mwishowe Ami Shihata akataka kutuonyesha spana inavyojirudia yenyewe, akaigonga birika yetu ya shaba: kang, kang, kang. Huko chini tukasikia magurudumu. Alishuka ngazi nne nne akimwita punda wake kwa majina ambayo mama aliniambia nisiyasikie.

Kurekodi nikapigwa marufuku na majengo matatu kwa kauli moja. Lakini jioni ile nilipobaki peke yangu nilijaribu walichosema, vyote viwili kwa pamoja, nao ungewauliza kila mmoja angekwambia ni chake. Nilishika risha kwa kulegeza, kiasi cha kutoiangusha tu. Nikaiinamisha kidogo ipite ubavuni mwa uzi isije ikaugonga bapa. Nikaingiza ncha peke yake, unene wa ukucha basi. Nikapiga noti tano kwa kasi yote niliyohitaji Alhamisi, kisha nikaacha, nikapumua. Tano tena. Nilizoea siku zote kuanza taratibu na kupanda kama mtu wa ngazi, na kila siku nilikwama ghorofa ile ile. Noti tano hata mimi naziweza. Jumapili zikawa tisa, Jumatatu kumi na saba, na kila palipokuwa na kubadilisha uzi niliparudia peke yake mpaka pakaacha kunitisha.

Mdundo nilipewa na mama. Alikaa mezani na kisu chake, huku na huku, huku na huku, nami nikamfuata, na akichoka naye nikachoka. Jambo moja tu, majani yaliyokatwa lazima yaliwe. Tulikula mulukhiya Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Jumatano nilimwomba walau sahani moja ya maharage.

"Maharage hayakatwi," mama akasema. "Unataka kazi au hutaki kazi?"

Jumatano hiyo hiyo nilipiga kipande chote mara sita mfululizo bila kunasa. Mara ya sita mama aliweka kisu chini akapiga kigelegele, na jirani wa juu akauliza dirishani kama kuna posa.

Alhamisi kichochoro chote cha kina Gabr kilikuwa kimefunikwa turubai, taa za rangi zimening'inizwa toka ukuta hadi ukuta, na harufu ya nyama ilinikumbusha kwamba kuna vyakula vingine duniani. Muallim Gabr mwenyewe alikuwa mbele kabisa, mtu mpana, amevaa suti inayomlilia. Haji Abdel-Ghaffar akamwita Lutfi kando, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Kitufe kiwe tayari. Ukimsikia anajikwaa, bonyeza hapo hapo, usiningoje mimi."

Lutfi akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama, nami nikamwombea jeli yake iyeyuke.

Ngoma zikaanza kukimbia. Loza akanitupia jicho la kuniambia kwamba amevaa nguo mpya. Nikalegeza kifundo, nikaingiza ncha, nikaanza.

Sijui niielezeje. Noti zilitoka. Zilitoka zote, kila moja na nafasi yake, chini juu, chini juu, na mimi nimekaa tu, sifanyi chochote cha ajabu. Nilikuwa na nafasi hata ya kuangalia watu. Dakika moja na nusu ikaisha, tukakata wote pamoja, na Loza alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, mbali na keki. Kichochoro kikalipuka kwa vifijo.

Muallim Gabr akapanda jukwaani mbio, mikono ameifungua. Nikafungua yangu. Akanipita, akamkumbatia Lutfi.

"Mungu akulindie hiyo mikono, kijana! Kinanda kinalia hivi? Hivi kweli?"

Lutfi alitaka kusema kitu, lakini uso wake wote ulikuwa umezama kifuani mwa Muallim. Haji akanijia mimi, akaniwekea mkono begani, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Asante, Wagdi."

"Umesikia, Haji?"

"Nimesikia. Umefanya kiungwana kuacha kupiga. Mwingine angeng'ang'ania."

"Kuacha? Haji, nilikuwa napiga mimi!"

"Wagdi."

"Wallahi nilikuwa napiga!"

"Mwanangu, nakujua miaka kumi na moja. Ukipiga wewe mkono unafika mji wa Giza, ng'ambo ya Nile. Leo nilikukazia macho, umekaa na hilo gitaa kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Mkono haukutikisika. Usijidhalilishe. Kesho pita uchukue nyaya zako."

Nilitaka kumtupia amplifaya. Siku nne za mulukhiya, punda kakimbia, majengo matatu hayanisalimii, na nimefukuzwa kwa sababu nimepiga sawasawa. Ningejua ningenasa.

"Tena! Tena!" watu wakaanza kupiga makofi.

"Lutfi!" Haji akaita. "Kitufe!"

Ngoma zikashika kasi. Nikaona njia mbili tu. Niupepee mkono kama zamani, kila mtu anione, na risha inase mbele ya mwenye visu. Au nipige kama nilivyojifunza na asinione mtu. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa ya moto. Nikasema moyoni kama ni mara yangu ya mwisho basi ipigwe vizuri, na wakamsifie wanayetaka. Nikaingiza ncha.

Zikatoka tena, safi kuliko mara ya kwanza. Haji, kodiani kifuani, akawa anamwitikia Lutfi kwa kichwa. Muallim Gabr akawa anampigia Lutfi makofi. Lutfi akanitazama, mara ya kwanza wiki nzima. Kisha akainua mikono yake yote miwili juu, vidole vimetanuka, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Akarudi nyuma hatua moja, akaacha kinanda kimesimama peke yake.

Gitaa likaendelea.

Muallim Gabr aliacha makofi katikati. Kodiani ya Haji ikatoa pumzi moja ndefu ikanyamaza. Haji akaitazama mikono ya Lutfi, akainama chini ya kinanda kuangalia kama kuna mikono mingine, akainuka, akaufuata waya kwa macho kutoka kwenye spika mpaka miguuni pangu, kutoka miguuni mpaka kwenye gitaa. Akaja karibu, karibu zaidi, mpaka masharubu yake yakawa kwenye nyuzi, akaiona risha inavyokwenda na kurudi pale pale, nafasi ya ukucha.

"Lahaula," akasema. "Ni yeye."

Lutfi alikuwa bado ameinua mikono, anacheka. Mimi nilikuwa nalia. Nasema kweli, nalia kama mtoto, machozi mpaka kidevuni, pua inachuruzika mbele ya wageni mia mbili, na siwezi kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ina kazi na bado dakika nzima. Haji Abdel-Ghaffar akatoa leso yake mfukoni, akanifuta pua mwenyewe, taratibu, asije akaugusa mkono wangu wa kulia.